Suti ya kuzamia ya bei nafuu: nichukue ipi kati ya hizi tatu?

"Mwalimu, jambo sana. Ninaishi Goma, Himbi. Mwaka jana nikiwa likizo Zanzibar nilimaliza kozi ya kwanza ya kuzamia na mtungi. Suti ilikuwa ya shule, maji yalikuwa ya moto, sikujali ni nene au nyembamba. Sasa tumejikusanya watu wanne, mmoja wetu ni mwalimu wa kuzamia, tunataka kuanza hapa Kivu, na Mungu akijalia tushuke Kalemie tuone samaki wa Tanganyika. Kila mtu ajitafutie suti. Mimi nina dola 130, zaidi ya hapo sina. Nimepata tatu. Moja ni ya mtumba, milimita 7, ya kiume, saizi L, mtu wa Gisenyi anaiuza dola 60. Nimeijaribu, naingia bila shida, mgongoni inaacha nafasi. Nyingine ni mpya, milimita 3, ni ya wale wanaopanda mawimbi, dola 85. Ya tatu ni ya kuzamia hasa, ya kike, milimita 5. Kaka yangu aliyeko Brussels ameiona dukani kwa kama dola 120, ila hawezi kunijaribia. Rafiki zangu wanasema nichukue ya milimita 7, unene ndio joto, na ikipwaya nivae tisheti na legini ndani. Mmoja anasema suti nzuri haiingizi maji kabisa. Na mama anauliza kama nguo hiyo inazuia gesi ya ziwa. Nina mita 1.63, kilo 68, nyonga pana, mabega membamba. Nisaidie nisitupe pesa."

Aksanti dada kwa swali lililojaa. Wengi huniuliza "suti gani nzuri" bila kunitajia kimo, kilo wala maji ya wapi, nami hubaki nakisia. Wewe umenipa vyote, kwa hiyo jibu lije kwanza: ya milimita 7 iache, ya mawimbi usiinunue, na kaka yako asilipe chochote mpaka umtumie vipimo vilivyochukuliwa na fundi cherehani. Ya milimita 5 ndiyo yako, kwa sharti moja: ikukae mwilini. Isipokukaa, hata ikiwa mpya na ina jina kubwa kifuani, utatetemeka ndani yake sawasawa na aliyevaa ile ya dola 60.

Rafiki yako anayesema suti nzuri haiingizi maji anachanganya nguo mbili. Ipo suti kavu, yenye mipira ya kubana shingoni na mikononi. Mtu anavaa nguo za joto ndani na maji hayamgusi. Hiyo ni ya maji ya baridi kali, bei yake inapita bajeti yako mara nyingi, na ina mafunzo yake peke yake. Unayoitafuta wewe ni ya neopreni, na hiyo imekubali kulowa tangu ilipobuniwa. Mwanafizikia Mmarekani Hugh Bradner, wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, ndiye aliyeona mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba mzamiaji anaweza kulowa na bado akabaki na joto lake, maadamu nguo yenyewe imebeba gesi ndani ya mpira. Neopreni ni mpira wa viwandani uliotengenezwa na kampuni ya DuPont mwaka 1930. Ule wa suti umepulizwa gesi, kwa kawaida nitrojeni, ukajaa vipovu vidogo sana, kila kimoja kimefungwa peke yake. Maji huchukua joto la mwili upesi kuliko hewa kwa kama mara 25. Vile vipovu vinakaa katikati, na kazi ya kukulinda na baridi ni yao.

Hapa ndipo hata wazamiaji wa siku nyingi hujichanganya. Utasikia wakisema "yale maji yaliyoingia ndiyo yanayokupasha joto." Siyo kweli. Yale maji ni deni. Mwili wako unatumia joto lake kuyapasha, na yakishapata joto na yakatulia, deni limekwisha. Shida ni yakitoka na mengine yakaingia. Kila ukipiga mapezi, kila ukigeuka kumtafuta mwenzako, pale palipopwaya panafunguka na kufunga, panavuta maji mapya kupitia shingoni na kuyasukumia nje kwenye vifundo vya miguu, na mwili unaanza deni jipya. Suti yenye nafasi mgongoni inakufanya upashe moto Kivu nzima.

Kwa hiyo yale maneno yako sita, "naingia bila shida, mgongoni inaacha nafasi," yametosha kunifanya niiondoe ya milimita 7 mezani. Suti ya unene huo inayokukaa haiingiki bila shida. Unaivuta, unapumzika, unaivuta tena. Na imekatwa kwa umbo la mwanaume: mabega mapana, kiuno kisichoingia ndani, nyonga nyembamba. Kwako wewe nyonga zitaijaza vizuri, halafu juu ya nyonga, pale mgongo unapoingia ndani, litabaki bwawa. Tisheti na legini hazitalijaza. Pamba ikilowa haibebi hewa, inajikunja, inakwaruza makwapani, na kila mkunjo ni mfereji wa maji. Fulana nyembamba ya lycra ndani ya suti ni sawa kwa ajili ya kuteleza na kwa ngozi inayowasha haraka. Kazi yake inaishia hapo.

Kuna na jambo la kina, ambalo pwani hukulihisi. Gesi ikibanwa inasinyaa, na vipovu vya suti ni gesi. Zanzibar, ukishuka mita 10, shinikizo linakuwa mara mbili ya lile la juu ya maji. Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hewa ya hapa ina shinikizo la kama asilimia 84 tu ya lile la pwani, kwa hiyo huku linakuwa mara mbili kabla hujafika mita 9. Ukifika mita 18, mpaka wa cheti chako cha kwanza, shinikizo limekuwa kama mara tatu. Gesi iliyomo kwenye suti inataka kusinyaa hadi theluthi, ingawa mpira unapinga kidogo. Ile milimita 5 uliyovaa kwenye mtumbwi siyo milimita 5 tena. Na maji ya Kivu, ambayo juu huwa kwenye nyuzi 23 hadi 25 karibu mwaka mzima, siyo maji ya barafu, lakini ni chini kabisa ya yale ya pwani ya Zanzibar yanayofika 28 na 29. Nyuzi 24 kwenye hewa ni jioni nzuri ya kukaa barazani. Nyuzi 24 kwenye maji kwa dakika 40, umetulia unatazama mawe, ni meno kugongana.

Hapo ndipo ile ya mawimbi inapoanguka, wala si kwa ubaya wake. Mpanda mawimbi anataka neopreni laini inayovutika, apige kasia kwa mikono siku nzima, na haendi chini. Ulaini huo mara nyingi unatokana na mpira wenye gesi nyingi zaidi, na wenye gesi nyingi ndio unaosinyaa zaidi ukishuka na kuchoka haraka ukishushwa mara kwa mara. Neopreni ya kuzamia ni nzito kidogo, ngumu kidogo, na inavumilia kubanwa. Milimita 3 nzuri ya kuzamia ingekutosha Zanzibar na pengine hata Kalemie kwenye kina kifupi, kwa maana uso wa Tanganyika ni wa nyuzi 25 hadi 27. Kwa Kivu ni nyembamba. Ukiwa na suti moja tu ya kuzunguka nayo maziwa yote mawili, chukua 5. Ukipata joto Kalemie utafungua zipu ukishapanda mashuani. Baridi ikikushika chini ya maji huna cha kuongeza.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo pesa ya kaka yako inaokoka au inapotea. Jedwali la dukani linauliza kimo na kilo. Wanawake wawili wenye mita 1.63 na kilo 68 wanaweza kuwa na miili isiyofanana hata kidogo. Nenda kwa fundi cherehani, yule anayekushonea vikwembe, kwa sababu anajua kupima nyonga pale zilipo pana na si pale mtu anapopenda ziwe. Vaa kitu chembamba kinachobana. Akupime kifua, kiuno, nyonga, paja, shingo, na mguu kwa ndani kutoka kwenye msamba hadi kifundoni. Halafu mwombe kipimo kimoja ambacho atakushangaa: aweke utepe juu ya bega, karibu na shingo, aushushe mbele, upite katikati ya miguu, upande mgongoni hadi kwenye bega lile lile. Simama wima, pumua kawaida, utepe usilegee wala usikukate. Huo ni mzunguko wa kiwiliwili, na ndio unaoamua kama suti itakaa au itakutesa. Ule wa suti ukiwa mfupi, inakuvuta mabega kwenda chini, kifua hakifunguki, na ukitaka kuinua mkono kufikia valvu ya mtungi unashindwa. Ukiwa mrefu, kitambaa kinakusanyika kwapani na kwenye msamba, na hapo pana pampu ya maji.

Mtumie kaka namba hizo zote kwa sentimita, azilinganishe na jedwali la mtengenezaji wa suti ile ile, maana saizi 40 ya kampuni moja siyo 40 ya jirani yake. Nyonga zako zikiangukia saizi moja na mabega nyingine, fuata nyonga, kifua na kiwiliwili. Mikono na miguu ikizidi sentimita mbili tatu haina neno. Baadhi ya kampuni zina saizi za wanawake wafupi wenye nyonga pana, na muuzaji mzuri atazitoa bila kubembelezwa. Kama kule Brussels mna shemeji au binamu mwenye umbo la kukaribiana na lako, aende aivae yeye dukani. Nusu saa ya shemeji ina thamani kuliko jedwali lolote. Na risiti aitunze, aulize mapema wanapokea kurudishiwa kwa siku ngapi, kwa sababu mzigo unaosubiri msafiri wa kuja Goma unaweza kukaa wiki kadhaa kwenye sanduku la mtu.

Ikifika, usiivae mchana wa jua kali ukiwa na jasho. Ivae asubuhi, mwili mkavu, kucha fupi. Ingiza mguu kwenye mfuko wa plastiki mwepesi, upitishe, kisha utoe mfuko: unateleza bila kupigana. Vuta kwa nyama ya vidole, usitumie kucha, kwa sababu kucha inakata neopreni mwezi mmoja tu baada ya kununua na ndipo watu wanamlaumu mtengenezaji. Panda nayo polepole. Vifundo kwanza, kisha magoti, kisha ihakikishe imefika kabisa kwenye msamba kabla hujaingiza mkono hata mmoja. Wengi wanaodhani suti ni fupi ni kwamba wameiacha sentimita nne chini. Ukishafunga zipu, simama dakika chache kabla ya kuhukumu. Inatakiwa ikubane kila mahali kwa usawa, bila kukuumiza mahali popote. Chuchumaa mpaka chini. Inua mikono yote juu. Jikumbatie. Kisha mwambie mtu akushike kitambaa pale mgongoni juu ya kiuno akivute: kikiinuka kwa wepesi na kuacha nafasi ya ngumi, bwawa lipo. Atazame na kwapani na nyuma ya magoti. Mikunjo midogo nyuma ya goti ni kawaida.

Shingo ina sheria yake. Ilale juu ya ngozi pande zote bila pengo, nawe uweze kumeza mate na kugeuza kichwa bila kuhisi unakabwa. Kwenye pande za shingo kuna sehemu za mishipa zinazopima shinikizo la damu. Zikibanwa mfululizo, moyo unaweza kupunguza mwendo na mtu akahisi kizunguzungu au giza machoni. Ukivaa ukahisi hivyo, vua. Usijiambie itazoea. Ni kweli neopreni hulegea kidogo ikilowa na baada ya matumizi ya mwanzo, lakini hicho "kidogo" ni cha kuondoa ugumu wa upya, hakigeuzi saizi.

Mishono nayo, kwa bei yako, usitegemee maajabu. Suti za chini zimeshonwa bapa, sindano inatoboa kutoka upande hadi upande, na maji yanapita kwenye matundu. Zilizo bora zimegundishwa ukingo kwa ukingo, kisha zikashonwa upande mmoja bila kutoboa hadi ndani. Kama kwa dola 120 kaka anaweza kupata iliyogundishwa, achukue hiyo hata kama rangi haikupendezi. Zipu ikiwa mgongoni iwe na kipande cha neopreni nyuma yake, kati ya meno ya zipu na ngozi.

Najua mitumba ndiyo njia ya wengi wetu, na sitaki uondoke ukidhani suti iliyotumika ni takataka. Mtu wa Gisenyi akija siku nyingine na ya kike ya milimita 5, ikague hivi. Bonyeza kwa vidole viwili, uachie. Nzima inarudi mara moja. Iliyochoka inabaki na alama ya vidole, kama godoro la sponji lililolaliwa miaka mingi, na hiyo vipovu vyake vimekufa: imeandikwa 7 lakini joto lake ni la 4. Ikunje ukingo wake uitazame kwenye mwanga kama ina nyufa ndogo. Igeuze ndani nje, fuata kila mshono kwa kidole, hasa msambani na kwapani. Panda na kushuka zipu mara kadhaa. Harufu ya mkojo isikutishe, dada. Kila mzamiaji amewahi kufanya hivyo na wengi watakukatalia, na sabuni ya maji ya mtoto inaiondoa. Harufu ya mafuta ya petroli ndiyo ya kukimbia, kwa kuwa mafuta yanakula mpira.

Tundu au mpasuko mdogo usikuogopeshe pia. Gundi ya njano anayotumia fundi viatu kubandika soli, nyingi ya aina hiyo imetengenezwa kwa mpira wa jamii hiyo hiyo ya neopreni. Safisha kingo za mpasuko, ziache zikauke kabisa, paka utando mwembamba pande zote mbili, subiri mpaka isishike kidole, paka wa pili, subiri tena, kisha kutanisha kingo na uziminye kwa vidole kwa dakika moja. Iache usiku mzima. Kupunguza suti nzima ni kazi nyingine. Cherehani ya kawaida inatoboa mstari mpya wa matundu, na mkato usiofuata umbo la awali unaleta mikunjo. Hapana, usinunue L ya kiume kwa mpango wa kuipunguza.

Kofia ya neopreni sasa. Umebakiwa na dola 10, na kofia mpya itakuzidi kidogo, lakini ya mtumba hupatikana. Usiamini wanaosema nusu ya joto inatoka kichwani. Kichwa ni kama sehemu moja ya kumi ya ngozi yako. Ila ukiwa umefunika mwili wote na kuacha hicho peke yake, ndicho kitakachovuja joto, na tena kofia inafunga pengo la shingo. Ukiwa na kofia, suti ya 5 inakwenda Kivu bila malalamiko. Viatu vya neopreni utavihitaji kwa sababu nyingine: fukwe zetu ni mawe ya volkano, na jiwe la Nyiragongo linakata neopreni na nyayo kwa wakati mmoja. Suti uivalie mahali pasafi na usikae nayo juu ya mawe ukisubiri wenzako. Magoti yawe na kiraka kigumu.

Mpe mama salamu, na umwambie ameuliza swali la maana kuliko ya rafiki zako wote. Suti haizuii gesi yoyote. Methani na gesi ya kaboni ya Kivu imelala chini sana, kwa sehemu kubwa chini ya mita 250, wala huendi huko. Lakini kuna mahali mzamiaji wa Goma anapaswa kupaepuka kabisa. Ghuba la Kabuno, upande wa Sake, ni tofauti na ziwa lenyewe: tabaka lililojaa gesi ya kaboni linaanza kwenye mita kumi na kidogo tu. Msizamie huko, hata na mtungi na hata maji yakionekana ya bluu. Jambo la pili ni mazuku. Gesi ya kaboni ni nzito kuliko hewa, inajikusanya kwenye mabonde na vidimbwi vya ufukweni, hasa usiku na asubuhi bila upepo, na mtu anaweza kuanguka akiwa kwenye maji ya magoti. Wenyeji wa kila kona wanajua palipo na mazuku. Waulizeni kabla ya kuchagua pa kuingilia na pa kubadilishia nguo, na msiingie alfajiri mahali msipopajua.

Kabla ya kushuka mara ya kwanza na suti mpya, mwambie mwalimu wenu akupime risasi upya, yaani vile vizito vya kukusaidia kuzama. Ule uzito uliopewa Zanzibar usahau. Neopreni nene inakuinua zaidi, maji yasiyo na chumvi yanakuinua pungufu, na mambo hayo mawili yanavutana. Ukiwa kwenye maji yanayokufika shingoni au zaidi, na vifaa vyote, koti la kuelea likiwa tupu, pumua kawaida na ushikilie hewa kidogo: maji yafike usawa wa macho, na ukitoa pumzi uzame polepole. Kisha ongeza kilo mbili hivi kufidia hewa utakayoitumia mtungini, kama mtungi umejaa. Wale wanaokuambia "ongeza risasi ndiyo ushuke haraka" watakufanya ukiwa mita 15, suti imesinyaa, ushuke kama walivyosema lakini usipande. Na kwa kuwa mko juu ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, jedwali la kina na muda wa kuzamia na kompyuta ya kuzamia lazima viwekwe kwenye mwinuko wa Kivu, kazi ambayo mwalimu wenu anapaswa kuionyesha kwa vidole vyake mbele yenu. Siku mliyozamia msipande barabara ya kwenda Musanze jioni hiyo. Inakwea juu zaidi ya Goma, na kwa mwili wenye nitrojeni iliyobaki kutoka kwenye hewa ya mtungi, kupanda mlima ni sawa na kupanda juu zaidi kwenye maji. Lalani, mwondoke kesho yake.

Baridi nayo ina uhusiano na hilo. Mwili uliopoa wakati wa kupanda unatoa nitrojeni polepole, kwa sababu damu inakimbia mikono na miguu. Kwa hiyo ukianza kutetemeka chini, huo ndio mwisho wa mzamo, hata kama mtungi una nusu. Usisubiri wenzako waone. Mpe ishara mwenzako, mpande pamoja kwa mwendo wa kawaida na mfanye kituo chenu cha usalama, yaani kusimama kidogo karibu na uso wa maji. Mkifika mashuani vaa koti la kuzuia upepo juu ya suti, maana upepo wa alasiri wa Kivu juu ya neopreni iliyolowa unakausha na kupoza kwa mpigo. Ukirudi nyumbani itundike kivulini kwenye kiango kipana. Jua la mwinuko huu linaua mpira upesi. Ikitoka Kivu hauhitaji mapipa ya maji ya kuoshea, suuza ndoo moja inatosha. Ikitoka baharini ndipo chumvi inataka maji mengi.

Yapo mambo ambayo siwezi kuyaona kupitia maandishi. Kama una pumu, shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, au ukipigwa na maji baridi ngozi inavimba mabaka, zungumza na daktari kabla kaka hajalipa. Ukiwa na ujauzito usizamie. Watu wachache ngozi zao hukataa kemikali za neopreni: wekundu na muwasho unaofuata umbo la suti, unaokuja siku moja au mbili baadaye. Huyo aende kwa daktari wa ngozi na asijipake mafuta ya dukani. Ukiwa majini ukakosa pumzi ghafla, ukakohoa povu, au kifua kikakubana huku suti nayo inabana, toka nje, fungua zipu, na upelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu ya viungo, ganzi au udhaifu baada ya kuzamia ni hospitali vilevile, na muwaambie wazi kwamba umezamia na mtungi, kwa kina gani na kwa dakika ngapi. Kwa sasa, daktari wa kawaida wa mjini anatosha: mpelekee fomu ya maswali ya afya ya wazamiaji, ipo kwa Kifaransa, na aipitie swali kwa swali wewe ukiwa mbele yake.